Soichiro Honda: Hakuacha kusoma, aliacha kutafuta cheti

Mwaka wa 1946 mji wa Hamamatsu nchini Japani ulikuwa bado umejaa vifusi vya mabomu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha mwaka mmoja tu. Treni na mabasi yalijaa hadi watu kuning'inia, na petroli ilitolewa kwa mgao. Katika hali hiyo, jamaa mmoja aliyekuwa akikaribia miaka 40 alikutana na kijiinjini kilichotengenezwa kuzalisha umeme wa redio za jeshi. Akakifunga kwenye baiskeli. Tangi hakuwa nalo, kwa hivyo akachukua chombo cha maji moto, kile ambacho Wajapani huweka kitandani wakati wa baridi, akakigeuza tangi la mafuta. Mkewe, Sachi, akaipanda hiyo baiskeli na kuijaribu barabarani huku watu wakikodoa macho.

Jamaa huyo aliitwa Soichiro Honda. Jina unaloliona kwenye tangi la pikipiki, kwenye boneti ya gari, hata kwenye jenereta na pampu ya maji, halikubuniwa na watu wa matangazo. Ni jina la ukoo wa fundi.

Stori yake ikifika mtaani huwa imefupishwa sana: jamaa hakusoma, akatoboa, basi shule ni bure. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo hiyo stori ingenifaa kabisa. Shida ni kwamba kuna kipande cha katikati ambacho kila mtu hukiruka, na bila hicho kipande hakuna Honda. Hebu tuyafuate maisha yake yote.

Mtoto wa mhunzi

Alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na Hamamatsu. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na baadaye akaongeza biashara ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Pesa zilikuwa chache lakini vyuma vilikuwepo tele, na mtoto alikua akisikia nyundo kila siku.

Akiwa mdogo gari liliwahi kupita kijijini kwao. Alilikimbilia, na liliposimama likadondosha mafuta chini. Mtoto akainama akanusa yale mafuta, akajipaka mikononi. Harufu hiyo hakuisahau hadi uzeeni. Wakati mwingine alichukua baiskeli kubwa ya babake bila ruhusa, akaiendesha hadi Hamamatsu kuona ndege ya rubani Mmarekani. Pesa za kiingilio hazikutosha, basi akapanda juu ya mti akatazama kutoka huko.

Darasani hakuwa moto. Ripoti za shule zilipaswa kurudishwa zikiwa na muhuri wa mzazi, na zake hazikuwa za kuonyesha mzazi. Akachonga muhuri wake mwenyewe kwa mpira wa pedali ya baiskeli. Ukafanya kazi. Wanafunzi wenzake wakataka pia, naye akawachongea. Hapo ndipo waliposhikwa. Soichiro hakujua kwamba muhuri huchongwa kinyume ili jina litoke sawa kwenye karatasi. Jina Honda likiandikwa kwa Kijapani kutoka juu kwenda chini hufanana upande wa kushoto na wa kulia, ndiyo maana wake ulitoka sawa. Ya wenzake ilitoka kinyume.

Hiyo hadithi inachekesha, lakini iweke akilini. Mtu anaweza kufanya kitu kikatoka sawa kwa bahati, bila kujua kwa nini kimetoka sawa. Siku atakapofanyia mwingine, kitamwumbua.

Mwanagenzi wa kubeba mtoto

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alimaliza shule ya kijijini na kwenda Tokyo kuwa mwanagenzi katika gereji iliyoitwa Art Shokai. Alifikiri angeshika spana siku ya kwanza. Wapi! Kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kufagia na kubeba mtoto wa bosi mgongoni. Alifikiria kutoroka, lakini akavumilia. Huku amebeba mtoto, alikuwa anatazama mafundi wanavyofungua injini.

Septemba 1, 1923 tetemeko kubwa la ardhi lilitikisa Tokyo na moto ukateketeza sehemu kubwa ya mji, gereji ikiwemo. Magari ya wateja yalihitaji kuondolewa haraka. Soichiro, ambaye hakuwa amewahi kuendesha gari barabarani, akaingia kwenye moja akalitoa. Baada ya hapo gereji ilipata kazi ya kufufua magari yaliyoungua. Mafundi wengi walikuwa wameondoka, kwa hivyo kijana wa kubeba mtoto akashika spana. Magari yaliyoungua yakawa darasa lake la kwanza.

Bosi wake, Yuzo Sakakibara, alipenda magari ya mbio. Gereji ilichukua injini ya ndege aina ya Curtiss ikaifunga kwenye gari, na mwaka wa 1924 gari hilo likashinda mashindano, Soichiro akiwa ndani kama fundi wa safari. Alikuwa na miaka 18 tu.

Mwaka wa 1928, akiwa na miaka 21, Sakakibara alimruhusu kufungua tawi la Art Shokai huko Hamamatsu. Biashara ikashika. Enzi hizo njiti za magurudumu ya magari mengi zilikuwa za mbao, na Soichiro akatengeneza za chuma na kupata hataza. Akawa na pesa, akavaa vizuri, akaponda raha. Mwaka wa 1936 alishiriki mbio za magari huko Tamagawa, akagongana na gari lingine na kuumia vibaya pamoja na ndugu yake aliyekuwa naye. Gereji ilikuwa inaendelea vizuri na angeweza kutulia hapo hadi uzeeni. Lakini hakutaka kuishia kutengeneza vitu vya watu wengine.

Ringi 50, zilizopita ni 3

Hiki ndicho kile kipande ambacho mtaani hukirukwa.

Aliamua kutengeneza ringi za pistoni. Ni pete nyembamba za chuma zinazozunguka pistoni na kuzuia mgandamizo wa injini usivuje. Zinaonekana rahisi. Soichiro alikuwa amezitoa na kuzirudisha mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, kwa hivyo aliona ni kazi ya kawaida. Akasubu chuma, akakwangua, akalala karakanani, akauza vitu vya mkewe kupata pesa. Ringi zikatoka ngumu na zenye kukatika kama mawe.

Hata baadaye, alipopeleka sampuli 50 kwa Toyota zikapimwe, zilizofaulu zilikuwa 3.

Hapa watu wengi wangesema soko ni baya ama wakubwa wanawabania wadogo. Yeye, kabla hata ya kuwapelekea Toyota sampuli hizo, alikuwa amekwenda kwenye chuo cha ufundi cha Hamamatsu kuuliza shida iko wapi. Chuma chake kilipochunguzwa ikaonekana kina upungufu wa silikoni. Soichiro hakujua hata kwamba silikoni inahitajika. Akajiandikisha kama mwanafunzi wa muda, mtu mzima wa miaka karibu 30, mwenye kampuni na wafanyakazi, akakaa darasani na vijana waliokuwa wadogo kwake kwa miaka kumi hivi. Alifanya hivyo kwa takriban miaka miwili. Akitoka darasani anakwenda karakanani kujaribu alichofundishwa.

Alichagua masomo. Yale yasiyohusu ringi aliyapuuza, na mitihani hakufanya. Chuo kikamwambia kwamba bila mitihani hakuna cheti, naye akaondoka bila cheti. Mtaani husema hapo ndipo alipoacha shule. Ukiangalia vizuri utaona kwamba alikuwa ameshapata alichofuata. Ringi zilianza kutoka sawa, na kampuni yake, Tokai Seiki, baadaye ikawa inaiuzia Toyota.

Kwa hivyo ukitaka kumtumia Honda kama mfano wa kuacha shule, mtumie wote. Aliacha cheti, kweli. Lakini alirudi darasani kwa hiari yake, akiwa tayari na gereji iliyomlipa, kwa sababu mikono yake ilifika mahali ikakwama na akakubali kwamba imekwama.

Vita vikampokonya karibu kila kitu. Toyota ilichukua asilimia 40 ya kampuni mwaka wa 1942, naye akashushwa kutoka urais. Kiwanda kimoja kikaharibiwa na mabomu ya Wamarekani, kingine kikaanguka kwa tetemeko la Januari 1945. Vita vilipoisha akawauzia Toyota kilichobaki kwa yeni 450,000, kisha akapumzika karibu mwaka mzima bila kazi maalum, akipiga zumari na kunywa na marafiki.

Injini za redio

Halafu akakutana na kile kijiinjini cha redio tulichoanza nacho. Akatafuta vingine vilivyobaki baada ya vita, akapata kama 500. Hakuvifunga tu kwenye baiskeli na kuuza. Kila kimoja kilifunguliwa, kikarekebishwa, kikajaribiwa, ndipo kikafungwa. Petroli ilipokosekana alichanganya na mafuta yaliyotolewa kwenye mizizi ya misonobari. Moshi wake ulinuka vibaya, lakini baiskeli zilikwenda.

Ili uelewe kazi aliyokuwa akifanya, na mambo yaliyomkuta baadaye, tuelewane kuhusu kabureta kwanza.

Kabureta huchanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye silinda. Injini ya petroli hutaka takriban gramu 15 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo jembamba la kabureta, nguvu yake ya kusukuma hushuka, na petroli hunyonywa kutoka kwenye bakuli la chini kupitia tundu dogo sana ambalo mafundi huliita jeti. Ndani ya bakuli kuna boya linaloelea, kama lile la tangi la choo: petroli ikifika kiwango, linafunga mlango. Uchafu ukiziba jeti, injini inakosa petroli na kukohoa. Mpira ulio kati ya kabureta na injini ukipasuka, hewa inaingia kwa njia ya panya na injini inapata joto kupita kiasi. Ukitia mafuta ya ajabu, hesabu yote inabadilika.

Kuitoa kabureta kwenye nduthi ya zamani si kazi. Unafunga tapu ya petroli, unamwaga iliyobaki bakulini, unalegeza klempu ya upande wa injini na ya upande wa kichungi cha hewa, unafungua kifuniko cha juu na kuvuta kebo ya eksileta pamoja na sindano yake. Dakika kumi, umemaliza.

Ngoma iko kwenye kuirudisha. Skrubu ya hewa ilikuwa imefunguliwa mizunguko mingapi kabla hujaitoa? Kama hukuhesabu, sasa unabahatisha. Kile kibanio kidogo cha sindano kilikuwa kwenye mkato wa ngapi? Jeti uliipuliza kwa hewa, ama uliichokonoa kwa waya ukaipanua tundu? Gasketi ya bakuli imekaa, ama imejikunja na petroli itavuja juu ya injini yenye moto? Ndiyo maana unaweza kupeleka pikipiki kwa fundi ikiwa inakohoa, ukaichukua ikiwa inakohoa na pia inakula mafuta. Mafundi wa kufungua wapo kila kona. Anayejua kwa nini kila kitu kilikuwa pale kilipokuwa ndiye wa kutafuta.

Soichiro alikuwa wa aina hiyo ya pili. Injini za jeshi zilipokwisha, mwaka wa 1947 akatengeneza yake mwenyewe. Septemba 24, 1948 akasajili kampuni ya Honda yenye wafanyakazi 34 na mtaji wa yeni milioni 1. Mwaka wa 1949 ikatoka pikipiki ya kwanza kamili, Dream D, yenye injini ya sisi 98.

Mwaka huo huo akaja Takeo Fujisawa. Huyu hakuwa mtu wa spana. Alikuwa mtu wa hesabu na mauzo. Wakakubaliana kwamba Honda ashughulike na mashine, Fujisawa ashughulike na pesa, na hakuna atakayeingilia kazi ya mwenzake. Hata muhuri rasmi wa kampuni Honda alimwachia. Yule mtoto aliyeghushi muhuri wa mzazi alikuwa amejua sasa kitu asichokiweza, akampa anayekiweza.

Kabureta iliyotaka kumwangusha

Mwaka wa 1952 kampuni iliagiza mashine za kiwanda kutoka nje zenye thamani ya yeni milioni 450, mara nyingi kuliko mtaji wake wote. Kisha 1954 mambo yakaharibika kwa pamoja. Uchumi wa Japani ulipoa. Skuta mpya ya Juno ilikuwa nzito na injini yake ilipata joto, wateja wakaikataa. Na pikipiki iliyokuwa ikileta pesa, Dream 4E, ilipoongezwa ukubwa wa injini ikaanza kusumbua. Malalamiko yakamiminika. Pikipiki zikarundikana bila kununuliwa huku madeni ya mashine yakidaiwa.

Fujisawa alikimbizana na benki na wauzaji wa vipuri akiomba muda. Honda aliingia karakanani. Injini ile ilifunguliwa na kutafutwa ugonjwa, na ugonjwa ulipopatikana haukuwa kwenye pistoni wala gia. Ulikuwa kwenye kabureta. Injini ilikuwa imekuzwa, lakini kifaa kidogo cha kuipimia petroli na hewa hakikuendana nayo tena. Kabureta ikarekebishwa, pikipiki zikatembea, pesa zikaanza kurudi. Kampuni iliyokuwa imening'inia ikapata pumzi.

Katikati ya zahama hiyo hiyo Honda alikuwa ametangaza jambo lililoonekana la kichaa. Kampuni yake ingekwenda kushindana Isle of Man, kisiwa kati ya Uingereza na Ireland ambako mbio kubwa zaidi za pikipiki duniani zilifanyika. Juni 1954 akaenda kutazama. Aliyoyaona yalimnyamazisha. Injini za Wazungu zenye ukubwa sawa na zake zilitoa nguvu karibu mara tatu.

Angeweza kurudi akakaa kimya. Badala yake alizunguka Ulaya akinunua vipuri: rimu, minyororo, tairi, kabureta. Mizigo yake ikawa mizito hadi ikamletea shida kwenye uwanja wa ndege wa Rome. Alivipeleka nyumbani vikachunguzwe kimoja kimoja. Ni tabia ile ile ya chuo cha Hamamatsu: ukishindwa, tafuta anayejua na ujifunze kwake.

Mwaka wa 1959 Honda ikashiriki Isle of Man kwa mara ya kwanza katika daraja la sisi 125, ikamaliza nafasi za 6, 7, 8 na 11 na kutwaa tuzo ya timu. Mwaka wa 1961 ilishinda daraja la 125 na la 250, na katika yote mawili nafasi tano za kwanza zilikuwa za Honda.

Kabureta moja, nne, sita

Huku mbio zikiendelea, mwaka wa 1958 ilitoka pikipiki iliyobadilisha maisha ya watu wa kawaida: Super Cub. Injini ya sisi 50 hivi, klachi isiyohitaji kubanwa kwa mkono, na ngao ya plastiki ya kukinga miguu. Fujisawa alitaka kijana wa kupeleka chakula aweze kuiendesha kwa mkono mmoja, mwingine ubebe sinia. Ukiwaona vijana wanaopeleka oda za chakula mjini leo, fikiria kwamba kuna mtu aliwawazia zaidi ya miaka 60 iliyopita. Kufikia mwaka wa 2017 Super Cub milioni 100 zilikuwa zimetengenezwa. Hakuna chombo kingine cha injini kilichofikia idadi hiyo.

Ile ilikuwa na kabureta moja ambayo fundi yeyote angeisafisha kando ya barabara. Kwenye mbio, Honda ilikuwa ikienda upande mwingine. RC166, iliyomshindia Mike Hailwood ubingwa wa dunia wa sisi 250 mwaka wa 1966, ilikuwa na silinda sita na kabureta sita. Mwaka wa 1969 ikaja CB750 ya kuuzwa kwa raia, silinda nne, kabureta nne, na breki ya diski mbele. Dunia ya pikipiki ilishtuka.

Muulize fundi yeyote aliyewahi kushika CB750 ya zamani. Kuzitoa hizo kabureta nne na kuzirudisha ni mtihani. Zote lazima zifunguke pamoja na kunyonya hewa kwa kiasi kile kile, la sivyo silinda moja inabeba mzigo wa wenzake na pikipiki inatetemeka. Fundi huunganisha geji nne na kuzilinganisha polepole, nukta kwa nukta.

Mzee alipokosea

Honda hakuwa malaika. Alikuwa na hasira kali. Wafanyakazi walirushiwa spana na hata kupigwa. Na kadiri alivyofanikiwa ndivyo ilivyokuwa vigumu kumwambia amekosea.

Miaka ya 1960 alishikilia kwamba injini za magari zipozwe kwa hewa, si kwa maji. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya fundi wa pikipiki: vipuri vichache, uzito mdogo. Wahandisi vijana wa kampuni waliona joto la injini kubwa haliwezi kudhibitiwa hivyo. Hakuwasikiliza. Mwaka wa 1968 kampuni ikapeleka gari la mbio la Formula One, RA302, lililopozwa kwa hewa. Dereva wao John Surtees aliona halijawa tayari, akakataa kuliendesha. Likapewa Mfaransa Jo Schlesser katika mbio za Rouen, Julai 7, 1968. Mapema kwenye mbio hizo gari lilitoka barabarani, likaungua, na Schlesser akafa. Mwaka uliofuata gari la barabarani la H1300, nalo la kupozwa kwa hewa, likatoka likiwa zito na la gharama, likashindwa sokoni.

Wakati huohuo Marekani ilikuwa inapitisha sheria kali ya mwaka wa 1970 kuhusu moshi wa magari. Vijana wa Honda waliamini njia pekee ya kuifikia ni injini ya kupozwa kwa maji, na mzee bado alikataa. Fujisawa, ambaye kwa miaka 20 hakuwahi kuingilia kazi ya mashine, akamwendea na swali moja: je, yeye ni rais wa kampuni au ni mhandisi? Honda akajibu kwamba ni rais. Basi vijana wakaruhusiwa.

Walichotengeneza, kilichotangazwa mwaka wa 1972 kwa jina CVCC, kilikuwa tena suala la kuchanganya petroli na hewa. Kabureta yake ilitoa michanganyiko miwili: mmoja wenye petroli nyingi kwa chumba kidogo chenye plagi, mwingine wenye petroli kidogo kwa silinda yenyewe. Moto ukianzia kwenye chumba kidogo unauwasha ule mchanganyiko mwepesi, na moshi unatoka safi zaidi. Honda Civic yenye injini hiyo ilitimiza sheria ya Marekani bila kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, wakati kampuni kubwa zilikuwa zikisema haiwezekani.

Mzee alifurahi, akaona ni nafasi ya kuwashinda wakubwa wa Detroit. Vijana wakamweleza kwamba wao hawakufanya kwa ajili hiyo. Walifanya ili watu wapate hewa safi. Aliwasikia, na akaona wakati wake umefika. Oktoba 1973, yeye na Fujisawa wakastaafu siku moja. Alikuwa na miaka 66. Hakumrithisha mtoto wake kampuni.

Mkono wa kushoto

Baada ya kustaafu alizunguka Japani nzima kuwasalimia wafanyakazi, kwenye viwanda na maduka madogo ya pikipiki. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja alipotaka kumpa mkono aliukumbuka umejaa grisi, akaurudisha haraka aende akanawe. Honda akaukamata hivyo hivyo, akafurahia ile harufu.

Mkono wake mwenyewe wa kushoto ulikuwa umejaa makovu. Alikuwa na mchoro wake, kila jeraha likiwa limewekewa alama: hapa nyundo, hapa patasi, hapa kidole kilichofupishwa na mashine. Alieleza kwamba mkono wa kulia ndio hufanya kazi na kusifiwa, na wa kushoto hushikilia kitu na kuumia.

Mwaka wa 1989 akawa Mjapani wa kwanza kuingizwa katika jumba la heshima la magari la Marekani. Alifariki Agosti 5, 1991 huko Tokyo kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Alikuwa ameagiza kusifanywe mazishi makubwa ya kampuni. Sababu aliyotoa ilikuwa kwamba msururu wa magari ungesababisha msongamano barabarani, na si vizuri mtengenezaji wa magari kuwasumbua watu hivyo.

Siku hizi pikipiki nyingi mpya hazina kabureta. Kompyuta ndogo ndiyo hupima petroli. Lakini nduthi za zamani bado ziko nyingi, na vijana wengi wamejifunza kazi kwa kuzifungua chini ya mti, bila ada wala sare. Kama wewe ni mmoja wao, tayari umefanya nusu ya alichofanya Honda. Ile nusu nyingine inaweza kukugharimu kiburi kidogo: siku ringi zako zikikatika, uende umwulize anayejua, hata kama yuko darasani, na hata kama hutatoka na cheti.